Bangili ya Fundi Nyamizi

Ifahamike kwa wote, wakubwa kwa wadogo: askari mstaafu aliyeajiriwa ufundi atavaa bangili ya kupima moyo usiku na mchana, na moyo ukishtuka mara tatu kwa mwezi, kazi hana. Nyumbani kwa Sajini mstaafu Nyamizi, fundi wa kuchomelea, tangazo hilo tukufu lilimaanisha kwamba mumewe alikwenda kupiga chafya nyuma ya choo. Mwezi huu moyo ulikuwa umeshashtuka mara mbili.

Jumapili akaja mkaguzi, kijana mwenye tai, na cheti mkononi.

“Shikamoo, afande. Tangu jana moyo wako umetulia ajabu. Wewe ni mfano kwa…”

Akashusha cheti. Kondoo alikuwa amepita mbele yake, bangili mguuni. Ndani ya nyumba vigelegele vilikuwa vinapasua bati.

“Marahaba,” alisema Nyamizi.

“Afande, kazi utaipoteza!”

“Andika. Ila cheti mpe kondoo, amekitolea jasho. Bangili nimemvalisha mimi, jana, binti yangu alipojifungua. Mjukuu wa kwanza, mwanangu. Nilitaka nishangilie mpaka moyo uchoke wenyewe.”