Mguu wa Marlys

Marlys alifungua taulo lenye unyevu, akautoa mguu wa udongo alioufinyanga juma lililopita, akaupiga ngumi mpaka ukarudi kuwa donge.

"Siyo wenyewe," alisema, akavuta stuli aanze upya.

Hakuna aliyeshtuka. Kila Jumanne ilikuwa hivyo. Darasa lilikutana katika chumba cha chini cha kanisa la Kilutheri mjini Duluth, Marekani, darasa la watu wenye maumivu yasiyotibika, na mwalimu wao, Noreen, alikuwa na sharti moja tu: finyanga kile kinachosikika mwilini.

Arvid, mmoja wao, aliendesha malori ya magogo mpaka mgongo ukamgomea. Alikuja mara ya kwanza kwa sababu bintiye alichoshwa na manung'uniko yake, na alidhani ni mchezo wa watoto. Kisha akafinyanga kiti kidogo kilichojaa miiba, akakiweka kwenye meza ya jikoni. Bintiye alikitazama, akazima televisheni, akamuuliza anaumwa vipi hasa. Hakuwa amewahi kumuuliza. Tangu hapo Arvid hakukosa darasa, hata theluji ikifika magotini.

Lakini hodari wao alikuwa Marlys. Mguu wake wa udongo ulipasuka kuanzia nyonga hadi kisigino, na ndani ya ufa mlikuwa na kitu kama mzizi uliokauka. Mama mmoja mwenye baridi yabisi aliutazama, akalia kidogo, akaomba radhi, akaendelea na kahawa yake.

Arvid alimheshimu zaidi kwa uvumilivu. Wenzake walipojilaza sakafuni na kumeza vidonge, yeye alibeba mifuko ya udongo kutoka stoo bila kukunja uso. Hakulalamika hata siku moja. Aliuliza tu: mtu akigeuka kitandani, moto huanzia wapi? Huja ghafla au hunyemelea?

"Unauliza kama daktari," Arvid alimwambia.

"Madaktari hawaulizi hivyo," Marlys alijibu, na darasa zima likacheka, maana lilikuwa linawajua madaktari.

Noreen aliutaka mguu huo kwa maonyesho ya maktaba. Marlys alikataa, akisema bado. Jumanne hiyo aliuchimba ufa kwa kijiko, akauziba, akauchimba tena, mpaka watu wakaanza kuvaa makoti.

Nje, gari lake liligoma kuwaka kwa baridi, Arvid akajitolea kumpeleka nyumbani. Njiani alimsihi asijitese, kazi ilikwisha kuwa nzuri zamani.

"Sasa utajuaje kwamba umeupata?" akamuuliza.

"Nitaambiwa."

Arvid alidhani anazungumzia Mungu, akaendelea kuendesha.

Walipofika, Marlys alimkaribisha ndani apate kahawa. Sebuleni, mahali ambapo wengine huweka kochi, palikuwa na kitanda. Mwanamume mwembamba alilala hapo, na shuka lake limeinuliwa kwa fremu ya waya lisimguse miguu. Marlys alisema huyu ni Lowell, mume wake. Hata koti hakuvua. Aliufunua mguu wa udongo aliotoka nao darasani, akamwekea kifuani.

Lowell aliugeuza polepole. Akapitisha kidole ndani ya ufa, kuanzia nyonga kushuka chini, akakiacha pale kwenye mzizi.

"Ni huu," alisema.

Marlys akaketi sakafuni.

Lowell akamgeukia mgeni. "Na wewe pole na mgongo, bwana. Ameniambia habari zako. Ila yeye usimpe pole. Huyu hajawahi kuumwa hata jino."