Nani Kagusa Picha ya Marehemu

"Nioneshe mikono."

Debora akaacha ufagio, akanyoosha mikono. Skolastika akavigeuza viganja juu, akatafuta weusi wa mkaa kwenye kucha za mdogo wake. Hakuuona.

"Umenawa."

"Dada, sijaigusa. Na mimi naiona sawa tu."

Hapo ndipo Skolastika alipopandwa na hasira kwelikweli. Sawa tu. Picha ya marehemu mke wa Mzee Abilahi, aliyohangaika nayo karibu mwezi kwa mkaa na chaki za rangi, jicho la kushoto limevurugika kama limepitiwa na kidole, na huyu aliyemtoa Milola aje kukaa naye hapa Lindi anamwambia sawa tu.

Hakuthubutu kuirekebisha. Ile picha ndogo ya kamera aliyokuwa akiitazama wakati wa kuchora, mzee alikwisha kuichukua. Akaufunika uso kwa karatasi laini. Alipokuja kuufunua, pua nayo ilikuwa imekwenda.

Akanunua dawa ya kupuliza ya saluni, ile ya kukazia nywele, akaipulizia picha kwa mbali, akangoja ikauke, akarudia. Akapitisha kidole pembeni, mkaa haukutoka. Hata hivyo wiki haikuisha, uso ukazidi kufifia.

"Unanifanyia makusudi," alimwambia Debora. "Na jana umeniwekea beseni mlangoni ili nianguke."

"Beseni lilikuwa palepale linapokaa siku zote, dada."

"Nijibu tena, uone."

Debora alikunja kanga zake, akaondoka kurudi Milola huku akilia, na Skolastika hakutoka hata kumsindikiza.

Picha akaipeleka kwa Twalib, fundi wa fremu, aitie kioo na kuweka vipande vya kadi pembeni ili kioo kisigusane na mkaa. Twalib akaifunga mbele yake. Sasa hakuna wa kuigusa.

Siku Mzee Abilahi alipokuja kuichukua, Skolastika alimwamkia huku aibu imemjaa.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu."

"Utanisamehe. Mdogo wangu amekuharibia kazi. Macho, pua, vyote kavifuta. Nimeshamfukuza."

Mzee aliibeba fremu mpaka dirishani. Skolastika akamsikia akilia.

"Kavifuta wapi?" mzee aliuliza. "Huyu ni Mwanahawa mwenyewe. Hata kale kakovu kake ka kwenye nyusi umekaweka."

Skolastika akadhani anamsitiri tu. Akamgeukia amtazame. Kofia aliiona, na kanzu, na dirisha nyuma yake. Lakini katikati, mahali pa macho na pua ya mzee, palikuwa pamevurugika vilevile.