Tangu Verna Aolewe

Clell Ratliff alikuwa akizigeuza santuri mpya za Verna Stidham, moja baada ya nyingine, ziangalie ukutani. Harlan, mwenye duka, alimwacha amalize zote sita kwanza.

"Haya, zimekukosea nini?"

"Umezisikiliza?"

"Nimezisikiliza. Nzuri tu. Mama yangu amezipenda."

"Ndiyo hapo," Clell akasema kwa uchungu. "Mama yako amezipenda."

Tuseme ukweli, katika milima yote ya mashariki ya Kentucky hakukuwa na shabiki wa Verna kama Clell. Alianza kumfuata miaka kumi na moja iliyopita, tangu enzi anaimbia walevi kumi na wawili waliompa mgongo. Alikuwa na fulana zake zote. Alifuga ndevu za mchimba makaa ya mawe, ingawa kazi yake ilikuwa kukagua mapaa ya watu kwa niaba ya kampuni ya bima, na alivaa kofia ya mchunga ng'ombe ilhali ng'ombe wenyewe aliwaogopa. Wimbo mmoja wa Verna ulipotumika kwenye tangazo la magodoro, alinuna wiki nzima, hata chakula hakikupita.

Albamu ya kwanza, hiyo aliizungumzia amevua kofia. Verna aliitunga mwaka ule mumewe wa kwanza alipomkimbia na mpiga fidla wa bendi ya Verna mwenyewe. Aliirekodi ghalani wakati wa baridi, sauti imekwaruzika kwa kulia, na kwenye wimbo wa nne unasikia kabisa upepo ukigonga mlango. Siku Clell alipousikia kwa mara ya kwanza ilibidi aegeshe pikapu kando ya barabara. Alilia kama mtoto, na ilikuwa raha ambayo hajawahi kuipata tena maishani.

Kisha Verna akaolewa upya, kimyakimya, hata Harlan hakujua na nani.

"Wimbo wa kwanza, maharage na mkate wa mahindi," Clell akasema, akihesabu kwa vidole. "Anamshukuru mtu kwa kumpikia. Wa pili, anamsifu kwa kumbadilishia oili ya gari. Wa tatu, Harlan, wa tatu ni kuhusu kulala vizuri."

"Mwanamke ana furaha, bwana. Mwache."

"Nani alimtuma awe na furaha? Yule mume ndiye aliyemharibu. Kazi yake kupika na kubembeleza. Kila jioni anamkanda miguu. Sasa mtu atatungaje wimbo wa maana miguu imekandwa?"

"Na wewe habari za miguu umezijuaje?"

"Zimo kwenye wimbo wa tano."

Harlan alicheka mpaka akashika kaunta. "Kwa hiyo unataka mke wa mtu alie ili wewe usikie raha."

"Si raha. Ni sanaa." Clell akashusha sauti. "Leo namwendea. Begi nimeshafunga, liko garini. Namwambia ana kwa ana kwamba mambo haya yamefika mwisho."

Hapo Harlan akaacha kucheka. "Clell, ndugu yangu, hayo ya kumwendea msanii nyumbani kwake yana polisi ndani yake. Mkeo anasemaje?"

"Hajui. Akijua ataumia."

"Basi rudi kwake, ukae mle chakula cha jioni kama watu wengine."

"Kuna mtu lazima ajitoe," Clell akasema. Macho yalikuwa yamemjaa machozi, na yalikuwa machozi ya kweli. Alinunua nakala nyingine ya albamu ya kwanza, ya saba hiyo, akatoka.

Njia nzima aliendesha akifanya mazoezi ya maneno. Alijaribu kwenye kioo sura ya mtu katili, lakini midomo ilikuwa ikimtetemeka. Alimpenda Verna, hilo tusimnyime. Alijiuliza ni mashabiki wangapi duniani wangeweza kumfanyia msanii wao hiki alichokuwa anakwenda kufanya yeye. Wengi wao hununua fulana tu, wakajiona wametimiza wajibu. Mawazo hayo yalimtia nguvu, akakanyaga mafuta.

Nyumba ya Verna ilikuwa mwisho wa njia ya changarawe, nyuma ya kanisa la Wabaptisti. Gari lake lilikuwepo. Clell hakubisha hodi. Alizunguka nyuma, akasukuma mlango taratibu, akaingia jikoni. Verna alikuwa ameketi mezani, amempa mgongo, gitaa mapajani.

"Clell, vua buti," Verna akasema bila kugeuka. "Nimetoka kupiga deki."

Hakuvua. Mtu anayemwacha mkewe hawezi kusimama na soksi.

"Verna, nakuacha," akasema. "Samahani. Sirudi tena."

Akasubiri kilio. Verna akageuka, macho makavu kabisa. Kisha akashusha pumzi kama mtu aliyetuliwa gunia, akavuta daftari lililokuwa chini ya bakuli la matunda, akailamba ncha ya penseli.

"Na mimi nilishaanza kukata tamaa ya kupata tena wimbo wa maana," akasema. "Sema tena, polepole. Simama pale mlangoni."

Clell akaenda akasimama mlangoni, akasema tena. Mara ya tatu Verna alimwomba aondoe neno "samahani", linaharibu mizani, na Clell akaliondoa.