Wimbo Aliouelewa Mama

Maneno yalianzia saluni. Msusi alisema mtaa wa pili kuna kijana aliyesikiliza muziki wa hevi metali tangu utotoni, na siku moja, wimbo ulipofika pale pa mayowe, akatoka chumbani na nyundo akamfuata mama yake jikoni.

"Wewe ulimwona?" mama akauliza.

"Kumwona sikumwona. Lakini lisemwalo lipo, dada yangu. Tulia nikusuke."

Mama aliondoka kichwa kimependeza, moyo umechafuka. Maana wa kwake alikuwa naye nyumbani. Miaka thelathini na minne, fundi wa mageti, hajaoa, nywele mpaka mabegani, chumba chake cha uani kimejaa kaseti alizoanza kukusanya akiwa darasa la tano. Mtoto mpole, hajawahi kumpandishia mama sauti. Lakini si wanasema kimya kingi kina mshindo mkuu?

Majirani nao walikuwa wamechoka. Mtaa ulikuwa na kero zake: mbwa wa mama wa kona aliyejisaidia kwenye milango ya watu, gari la muuza bima lililopiga king'ora likiguswa na paka, na Mwalimu mstaafu wa ng'ambo ya ukuta, aliyechoma takataka kila Jumamosi mpaka nguo kambani zikanuka plastiki. Hayo yote walivumiliana. Muziki wa kijana, hapana.

"Mama Fundi," Mwalimu alimwambia juu ya ukuta, "mwanao anafuga ng'ombe humo ndani, au anawachinja?"

Kikao kikakaa, wakaamua: Jumamosi tu, saa nne hadi saa sita, na chumba kizibwe. Mama mwenyewe ndiye aliyenunua magodoro ya sponji. Kijana akayapigilia ukutani, dirishani na mlangoni, mpaka mchana mle ndani ukawa usiku. Hakulalamika.

"Na wewe siku moja usikilize, mama."

"Nisikilize nini? Mayowe matupu."

"Si mayowe. Fuata mpangilio. Kwanza ngoma, polepole, halafu mbio. Kisha mtu anapaza sauti, anaipandisha mpaka inakwaruza. Halafu, ghafla, kimya. Kile kimya ndio utamu wenyewe."

Mama alicheka. Lakini wiki ile ile, kijana akiwa kazini, alipachika komeo upande wa nje wa mlango ule. Alipoulizwa, akasema ni la wezi. Kila Jumamosi ikifika saa nne alinyata uani akalisukuma taratibu. Saa sita kasoro akalirudisha. Nyundo ya saluni haikumtoka kichwani.

Jumamosi moja kijana alipita jikoni akachukua kiberiti.

"Sigara hizo zitakuua wewe."

"Nani anavuta, mama? Leo napanga kaseti zangu tu."

"Haya, nenda."

Akahesabu mpaka hamsini, akaenda kusukuma komeo.

Saa nne na robo alikuwa anachambua mchele. Ngoma zikaanza. Polepole. Halafu mbio. Mama akasimamisha mkono. Magitaa hakuyasikia, akajua sponji zimeyameza. Kisha sauti ikapaa, ikapanda, ikakwaruza, vile vile kama alivyoambiwa. Miaka ishirini na ushee amekaa na muziki huu, na leo ndiyo mara ya kwanza anaushika. Akaona aibu kwa ajili ya lile komeo. Mguu ukaanza wenyewe kugonga sakafu.

"Mama Fundi!" Mwalimu akaita ukutani. "Leo mwanao amezidi!"

"Muache mtoto na starehe yake, Mwalimu! Ungejua ulivyo mtamu, ungecheza!"

Harufu ya plastiki ikaingia jikoni. "Huyu naye na takataka zake," mama akanong'ona, akafunga dirisha, akaendelea kutikisa kichwa.

Halafu, ghafla, kimya.

Mama akatabasamu. Kweli, ulikuwa utamu. Akabandika chai ampelekee mwanawe, amwambie kwamba leo ameuelewa.

Mzazi unayesoma, epuka haya:

Sponji ukutani.

Mshumaa ndani ya chumba kilichozibwa.

Komeo la nje.

Kumsingizia jirani kila harufu.

Na kutikisa kichwa kwa wimbo siku ambayo umeme wa nyumba nzima umekatika tangu alfajiri.