Breki za Shemeji

Kofi lilimkuta fundi akiwa amechuchumaa, uso karibu na gurudumu la baiskeli. Akaangukia sanduku la spana, mdomo ukajaa damu.

"Nimekuambia tia upepo," alisema shemeji yake, mume wa dada yake mdogo. "Sijakuomba mahubiri."

Fundi alitema damu, akainuka taratibu. "Shemeji, mifuko mitatu ya saruji kwenye keria hii, tena kwa mteremko ule wa machimboni! Mmoja, sawa. Miwili, kama una haraka ya kuzikwa."

"Wewe na mdogo wako mmezaliwa na mdomo mmoja. Wa kwake nimeshauziba asubuhi."

Akavuka barabara kwenda kunywa chai.

Fundi alibaki ameshika tandiko. Juzi tu mdogo wake alikuwa amekuja na jicho lililovimba kama ngumi, akakataa kukaa hata usiku mmoja. "Nikiondoka atanifuata, kaka. Atanimalizia humu humu kwako."

Akaigeuza baiskeli, magurudumu juu. Spoki za upande mmoja zilikuwa zinacheza kama meno ya kizee. Raba za breki zimelika, chuma kinagusa rimu. Nati za gurudumu la mbele zilizunguka kwa vidole tu, zimelainishwa kwa mafuta, naye shemeji hajawahi kupaka mafuta hata mnyororo. Fundi akatikisa kichwa. Mzigo umeitafuna mashine, alijisemea. Haivuki kona ya kwanza.

Akachukua pampu. Kumbe hakuhitaji kufanya lolote. Angetia upepo, kama alivyoagizwa, basi. Aliiona ile kona, gurudumu likichomoka, mwanamume yule akibingirika mawe kwa mawe, mifuko ikimfuata na kumponda kifua. Moyo ukamruka kwa furaha, na furaha hiyo ikamtia hofu kuliko kofi.

Akaweka pampu chini. Akakaza spoki moja baada ya nyingine, akizungusha gurudumu na kulisikiliza. Akafunga raba mpya. Nati akazibana mpaka spana ikalia. Kazi ilitoka safi.

Shemeji alirudi akapakia mifuko yake yote mitatu, akaminya breki, akacheka. "Unaona? Fundi ni kama punda. Ukimchapa, anafanya kazi."

Jioni fundi alifunga mapema, akaenda kwa mdogo wake. Alimkuta uani anafua kwa mkono mmoja, ule mwingine ameukumbatia kifuani. Mdomo ulikuwa umepasuka.

"Leo nusura nimuue mumeo," fundi alisema, akiketi juu ya ndoo iliyofunikwa. "Baiskeli ilikuwa jeneza. Nilitaka kumwacha aende nayo hivyo hivyo."

Mkono wa mdogo wake ukasimama ndani ya povu. "Ukafanya nini?"

"Nimeshindwa, mdogo wangu. Nisingelala. Nimeitengeneza yote."

"Na breki?"

"Breki, spoki, nati. Sasa hata mifuko minne anateremka nayo salama."

Mdogo wake alimtazama kwa jicho moja lililokuwa bado linafunguka.

"Nilianza na nati, kaka," alisema. "Spoki nikawa nalegeza moja moja kila akisinzia, asije akashtuka."

Nje ya geti, kengele ya baiskeli ikalia.