Mtihani wa Nyamizi

Katika Dodoma ya miaka hiyo, mtumishi wa ndani hakuruhusiwa kuketi mezani na waajiri wake mpaka afaulu mtihani wa kuchambua riwaya. Nyamizi alikuwa amekula jikoni kwa mwajiri wake, Mama Doreen, miaka kumi na mmoja alipoitwa mbele ya mashine ya kusahihisha. Alipewa riwaya kongwe ya Kimarekani, inayomhusu yaya mweusi aliyelea watoto wa Wazungu.

"Dhamira kuu ni nini?" mashine iliuliza.

Waliomtangulia wote walikuwa wamejibu kwamba ni upendo, kama vitabu vya mwongozo vilivyofundisha.

"Wanasema yaya aliwapenda," Nyamizi alijibu. "Lakini katika kurasa mia tatu, hakuna hata mtu mmoja anayemuuliza kama amekula. Dhamira ni hiyo."

Mashine ilimpa alama zote, jambo ambalo halikuwa limewahi kutokea.

Jioni hiyo aliketi mezani, mgongo wima, akajipakulia wali na kuku. Mama Doreen alimtazama kwa muda mrefu.

"Nyamizi, ulipokuwa ukisoma, ulitufikiria sisi?"

"Kila ukurasa, mama," alisema Nyamizi, akaongeza mchuzi.