Mbele kwa Kura Moja

Katika jimbo la Lwangulo, mpiga kura aliruhusiwa kuhamisha kura yake kila asubuhi, na saa mbili kamili ubunge ulikwenda kwa aliyeongoza siku hiyo. Jana Atuganile Mwaisaka alikuwa nyuma ya mpinzani wake kwa kura moja. Leo skrini ya sebuleni ilipolia, alikuwa mbele kwa kura moja.

"Nimepita! Baba Ambakisye, nimepita!"

Alirukaruka hadi chai ikamwagika, na majirani wakapokea kwa vigelegele. Mchana huu angesimama bungeni kuomba daraja la Mto Lwega, alilolililia miaka miwili.

"Sijui ni nani aliyehama," alisema huku akivaa viatu. "Ningemjua, ningempigia magoti."

Mumewe alikuwa akifuta meza. "Ni mimi," alisema kwa upole. "Nimeona daraja lisicheleweshwe tena."

Atuganile aliangua kicheko, akamkumbatia kwa nguvu. Gari lilikuwa likipiga honi nje. Alipofika mlangoni aligeuka.

"Na kesho, Baba Ambakisye?"

"Kesho tutaona, mama. Nenda, wanakusubiri."